Ngiri, Sange na Mashine ya Mfuko

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Mmefagia mnapokaa?"

"Tumefagia!"

"Takataka mmempa nani?"

"Mwenye fagio!"

Basi kaeni. Na wewe uliyejibu kwa sauti kubwa kuliko wote ilhali fagio hujaligusa, nimekuona. Kaa hivyo hivyo na uchafu wako. Mwenye karanga atafune taratibu, hadithi hii haitaki kelele za meno.

Hapo kale, lakini si kale sana, maana umeme ulikuwepo, wanyama walikaa katika kijiji kiitwacho Mavumbini. Msiniulize umeme ulitoka wapi. Wanyama wakiongea mnakubali, mashine ikiwaka mnataka kuonyeshwa nguzo.

Mavumbini kulikuwa na sheria moja tu iliyoheshimiwa, nayo iliitwa sheria ya fagio. Ilisema hivi: kilichofagiwa ni cha mfagiaji. Ukienda nyumbani kwa mtu ukamfagilia, takataka zote ni zako, na kama ndani yake mna punje ya mtama au karanga iliyodondoka, ni riziki yako. Wazee waliiweka sheria hiyo kwa ajili ya vikongwe ambao hawawezi tena kulima. Kikongwe anakuja na fagio lake la chelewa, anafagia polepole, na mwenye nyumba, kama ana utu, anadondosha karanga kidogo kwa makusudi, kisha anageuka kutazama mbuyu usiokuwepo. Kikongwe anapata chakula na haombi mtu. Na kumkatalia mfagiaji ilikuwa mwiko mkubwa. Anayekataa kufagiliwa, walisema Mavumbini, ana jambo analoficha.

Katika kijiji hicho aliishi Sange. Kama hujawahi kumwona sange, ni mnyama mdogo, ukimtazama haraka utadhani ni panya, ila ana pua ndefu inayochezacheza mbele yake wakati wote. Alikuwa mjane mwenye watoto, na nyumba yake ilikuwa chini ya mchongoma, ubavuni mwa kichuguu kikubwa. Chungu hakuwa nacho, maana chungu kilimzidi kimo. Ghala hakuwa nalo. Akiba yake ya kiangazi aliiweka kwenye nyufa za sakafu. Kila punje aliyookota wakati wa mavuno aliisukuma kwa pua mpaka ndani ya ufa, tiki, kisha nyingine, tiki, mpaka sakafu nzima ikashiba mtama. Fagio la chelewa likipita juu yake linaambulia majani makavu tu. Na kiangazi cha Mavumbini si mchezo. Mwaka uliotangulia kilimchukua baba wa watoto, na Sange alijiapiza kwamba mwaka huu hakitachukua mtu kwake.

Upande wa pili wa kichuguu hicho hicho aliishi Ngiri. Shimo alilokaa hakulichimba. Alilichimba Muhanga, mla mchwa, na siku moja Muhanga alipotoka kwenda kutafuta chakula, aliporudi alikuta meno mawili yaliyopinda yamechomoza mlangoni kwake. Hakuuliza ya nani. Alihama.

Sasa Ngiri ana tabia moja, na hiyo naomba muishike. Akiingia shimoni huingia kinyumenyume. Makalio yanatangulia, uso unabaki mlangoni, meno yako nje. Adui akija anakutana na meno. Ngiri alijisifu sana kwa akili hiyo, na aliwaeleza wenzake kila walipokutana kisimani. Nyuma yake hakuweka ulinzi wowote, kwa sababu nyuma yake hakukuwa na mlango.

Ngiri alikuwa amechumbia binti wa Bi Nguruwe wa Mtoni. Bi Nguruwe alikuwa mama mwenye maneno machache. Alimwambia, "Posa nimeipokea. Kabla ya harusi nitakuja kuona ghala."

Ghala la Ngiri lilikuwa ile sehemu ya ndani ya shimo, nyuma ya makalio yake, na humo hamkuwa na kitu. Kulima hakupenda. Kuokota masalia aliona aibu. Akakaa akafikiri, na kwa kuwa kufikiri kulimchosha, akaenda dukani kwa Kasuku.

Kasuku ndiye aliyekuwa mtaalamu wa vitu vyote vya nyumbani pale Mavumbini. Utaalamu wake ulikuwa huu: alirudia maneno ya mtu wa mwisho kuzungumza naye, kwa sauti ya kujiamini kuliko ya mwenyewe. Ngiri alimkuta amesimama juu ya mashine mbili.

"Hizi ni nini?" aliuliza Ngiri.

"Mashine za kufyonza vumbi," akasema Kasuku. "Hii ya mfuko, hii ya kopo. Ya mfuko, vumbi linaingia kwenye mfuko wa karatasi, ukijaa unautoa mzima mzima. Haipeperushi vumbi. Ya kopo, vumbi linaingia kwenye kopo la plastiki, unaliona likizunguka, likijaa unamwaga. Hainunuliwi mfuko."

"Na mwenye mashine ni mfagiaji?"

"Mwenye mashine ni mfagiaji," akasema Kasuku, maana hilo ndilo neno alilolisikia mwisho.

Ngiri akatabasamu mpaka meno yakagusana na masikio. Akaomba aichukue ya kopo kwanza aijaribu, ndipo aamue.

Kesho yake akaenda kwa Bi Kanga, yule ndege mwenye madoa.

"Hodi, jirani. Nimekuja kukufagilia."

Bi Kanga alitazama lile dude, akatazama karanga za vifaranga wake zilizoanikwa sakafuni. Lakini kukataa ni mwiko. "Karibu," akasema.

Vuuuuuu! Vumbi likaingia. Vuuuuuu! Majani yakaingia. Chakra chakra chakra! Karanga zote zikaingia, zikawa zinazunguka ndani ya kopo, na Bi Kanga anaziona.

"Bwana Ngiri, hizo ni karanga zangu."

"Ni takataka, mama. Kilichofagiwa ni cha mfagiaji."

Akaenda kwa Babu Kobe.

"Hodi, babu. Nimekuja kukufagilia."

"Karibu," akasema Babu Kobe, na kabla hajamaliza neno, vuuuuuu! Vumbi likaingia. Chakra chakra chakra! Kunde zote zikaingia.

"Mjukuu wangu, hizo ni kunde zangu."

"Ni takataka, babu. Kilichofagiwa ni cha mfagiaji."

Akaenda kwa Digidigi, vuuuuuu, chakra chakra, mtama wote ukaingia. Kijiji kizima kikashika kichwa. Sheria ni yao wenyewe, na aliyewashika nayo ana meno.

Lakini Ngiri naye alikuwa na tatizo lake. Kila alipofika nyumbani alilitazama lile kopo. Karanga zinaonekana, kunde zinaonekana, zimetulia pale kwenye plastiki zikimng'aria. Akasema ataonja moja. Akafungua, akaonja moja, na ilipofika jioni kopo likawa tupu. Ghala likabaki vile vile. Bi Nguruwe alikuwa njiani kuja, na mkwe mtarajiwa alichokuwa nacho ni tumbo tu.

Siku hiyo alipokuwa akipita kwa Sange, alisimama kidogo. Alikuwa ameshika kidomo kirefu chembamba cha ile mashine.

"Bi Sange, nasikia nyumba yako ina nyufa."

Sange akahisi pua yake imekuwa baridi. "Nyumba ya maskini haikosi ufa, jirani."

"Kasuku amenipa kidomo cha nyufa. Kinaingia popote. Nikishachagua mashine yangu, nakuja kukufagilia."

"Karibu sana," akasema Sange, kwa sababu hakuna jibu lingine Mavumbini.

Ngiri alipoondoka, Sange aliingia ndani akakaa juu ya sakafu yake. Aliogopa. Sisemi alihuzunika au aliwaza, aliogopa. Mtoto wake mkubwa alimuuliza, "Mama, akichukua vya kwenye nyufa tutakula nini?"

"Hatutakula," akasema Sange. "Kwa hiyo hatachukua."

"Atachukua, mama. Ana mashine."

"Basi atachukua, halafu hatakuwa navyo. Niache nifikiri."

Alifikiri hivi. Kopo la plastiki ni gumu, na Ngiri akiliona halilali na kitu. Mtama ukiingia humo, umeingia tumboni mwa Ngiri, na huko hakurudi mtu. Lakini mfuko ni karatasi. Karatasi hutafunika, na meno anayo. Kesho yake asubuhi Sange akawahi dukani kabla Ngiri hajaamka.

"Kasuku, ndugu yangu, hivi ni kweli ninavyosikia? Eti mali ya kopo huliwa siku hiyo hiyo, mali ya mfuko hukaa mpaka harusi?"

"Mali ya kopo huliwa siku hiyo hiyo," akasema Kasuku akiinua kifua. "Mali ya mfuko hukaa mpaka harusi."

"Mtaalamu," akasema Sange. Akasogea pembeni, akajifanya anachagua kiberiti.

Ngiri akaja, anasukuma mashine ya kopo, uso umevimba kwa kukosa usingizi. "Kasuku, nataka kuamua leo. Niambie kweli, usiniambie biashara. Ya mfuko au ya kopo?"

"Mali ya kopo huliwa siku hiyo hiyo," akasema Kasuku. "Mali ya mfuko hukaa mpaka harusi."

Ngiri akashtuka. "Nani kakwambia habari zangu?"

"Huyu ni mtaalamu, jirani," akasema Sange kutoka pembeni. "Anajua matatizo ya wateja wote. Shikamoo lakini."

"Marahaba. Sasa Bi Sange, mfuko mimi siupendi. Sioni kilichomo."

"Huo ndio uzuri wake. Wewe huoni, kwa hiyo hushawishiki. Wapita njia hawaoni, kwa hiyo hawaombi. Unaufunga, unautupa ghalani, unajaza mwingine. Siku mama mkwe anafika anakuta mifuko imepangwa mpaka juu. Kopo utampangia nini? Kopo ni lile lile moja."

Ngiri akajikuna shavu kwa jino. "Na nitajuaje kama umejaa vizuri?"

"Unyanyue. Ukiwa mzito, umejaa."

"Hilo kweli." Akafikiri tena, macho yakawa madogo. "Wewe mbona unanishauri vizuri hivi, na nyumba yako ndiyo inayofuata?"

Hapo Sange moyo ulimsimama, lakini uso haukusimama. "Kwa sababu ndiyo inayofuata, jirani. Watoto wangu wana chafya. Ukija na kopo ukalikung'utia mlangoni kwangu, vumbi lote linarudi ndani. Nakuomba uje na kitu safi."

"Kasuku, ni kweli?"

"Kitu safi," akasema Kasuku. "Ya mfuko haipeperushi vumbi."

Ngiri akachukua ya mfuko. Alitoka dukani mkia umesimama wima, akasalimia hata wasiomsalimia.

Sasa msidhani kazi imekwisha. Mifuko ingelala ghalani, na ghala lilikuwa nyuma ya Ngiri, na Ngiri alilala uso mlangoni. Hapakuwa na njia ya kuingia isipokuwa moja, na Sange aliijua tangu mwanzo. Aliwakusanya watoto.

"Akija, mimi nitaingia na mtama," akasema.

"Utaingia wapi, mama?"

"Kwenye mashine. Nyinyi kaeni kwenye miiba ya mchongoma, kidomo kisiwafikie. Msilie. Mkisikia kitu kinakuna sakafu kutoka chini, msikimbie. Ni mimi."

Mdogo kuliko wote akamshika mkia. Sange akamtoa vidole kimoja kimoja, akamlamba paji la uso, akasimama katikati ya sakafu yake.

"Hodi, jirani. Nimekuja kukufagilia."

"Karibu, Bwana Ngiri."

Vuuuuuu! Vumbi likaingia. Kidomo kikaingia ufa wa kwanza, chakra chakra, mtama wa wiki nyingi ukaondoka. Kikaingia ufa wa pili, chakra chakra. Sange alitazama kiangazi chake kizima kikipanda kwenye bomba. Kidomo kilipofika ufa wa mwisho, alifumba macho, akaikunja pua yake kifuani, akajiachia. Fyuuuup!

"Kokoto," akasema Ngiri, akalipiga bomba teke.

Ndani ya mfuko kulikuwa giza na vumbi, na punje zilimpiga kutoka kila upande. Sange alitaka kupiga chafya. Aliibana chafya ile kwa miguu yote. Akabebwa, akatupwa, akasikia mifuko mingine ikianguka juu yake, mmoja baada ya mwingine, kwa siku kadhaa Ngiri alipozidi kuzunguka kijijini. Kwa Bi Kanga alikwenda tena, kwa Babu Kobe alikwenda tena. Kila alipokusanya aliufunga mfuko, akaunyanyua, akaguna kwa raha, akautupa nyuma. Kisha akaingia kinyumenyume, makalio kwenye mifuko, meno mlangoni.

"Na aje mwizi," akasema.

Mwizi alikuwa karibu na mkia wake, anatafuna karatasi.

Sange alitoboa mfuko chini, akatoa kichwa, akavuta pumzi ya shimo la Ngiri, nayo haikuwa ya kutamanika. Kisha akaanza kuchimba. Alichimba kichuguu kuelekea nyumbani kwake, na udongo uliotoka hakuuacha uzagae. Aliutia kwenye mfuko. Punje ikitoka, udongo ukaingia. Akachimba tena, punje ikatoka, udongo ukaingia, na tundu akaliziba kwa matope na mate. Alifanya kazi huku akinong'ona:

"Punje itoke, vumbi liingie. Punje itoke, vumbi liingie."

Mchana mmoja Ngiri alikuwa amelala baada ya chakula, akasikia kwaru kwaru nyuma yake. Kugeuka hawezi, shimo ni jembamba. Kutoka nje aone ni uvivu.

"Nani huko nyuma?"

Sange akaganda. Akajua asipojibu, Ngiri atatoka, na akitoka atachungulia. Akabana sauti ikawa nyembamba kabisa.

"Ni sisi mtama, bwana. Tunabanana."

Ngiri akafurahi. "Bananeni vizuri. Wenzenu wanakuja kesho."

Na aliponyanyua mfuko kesho yake, akaukuta ni mzito kuliko alivyouacha, maana udongo na mtama si kitu kimoja. Akaunyanyua mwingine, mzito. Mwingine, mzito zaidi. Machozi yakamlengalenga. "Mali inazaliana humu," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakuonja kitu chake, ili isiache kuzaa.

Siku ile ile, chini ya mchongoma, watoto wa Sange walisikia sakafu ikikunwa kutoka chini. Hawakukimbia. Ufa mmoja ukapanuka, ikatoka pua ndefu yenye vumbi, na nyuma ya pua akatoka mama yao. Walimrukia wote kwa pamoja wakamwangusha. Halafu mtama ukaanza kupanda kutoka chini, punje kwa punje, ukakaa kwenye nyufa zake kana kwamba haukusafiri popote. Nyuma yake zikaja karanga, na nyuma ya karanga kunde. Watoto wakauliza hizo ni za nani. Mama akasema, "Sukumeni kwanza."

Siku ya Bi Nguruwe ikafika. Alikuja na dada zake na mashangazi wa binti, wamejipaka matope mazuri ya mtoni, wakaketi mbele ya shimo. Kijiji kizima kilikuja kutazama, maana Ngiri alikuwa anaoa kwa chakula chao. Kasuku alipewa nafasi juu ya kichuguu aeleze ubora wa mashine.

Ngiri alitoa mfuko baada ya mfuko, anahema kwa uzito. Akaipanga. Ikawa ukuta.

Bi Nguruwe akautazama. "Mizito?"

"Mama, nyanyua mwenyewe."

Bi Nguruwe akanyanyua mmoja, akashindwa kuuinua kwa mara moja, akatikisa kichwa kwa heshima. Mashangazi wakaanza kupiga vigelegele vya chini chini. "Fungua tuonje," akasema.

Ngiri alikuwa amesubiri neno hilo kwa hamu. Akaurusha mfuko mkubwa kuliko yote juu, akaupasua kwa jino hewani mbele ya wageni, ili mtama uwamwagikie kama mvua.

Pfuuuuuu!

Likatoka vumbi. Akapasua wa pili, pfuuuuuu! Wa tatu, pfuuuuuu! Kila alivyoona vumbi ndivyo alivyozidi kupasua, akitafuta ule wenye mtama, mpaka mchongoma haukuonekana, kichuguu hakikuonekana, na wakwe zake walikuwa sauti tu. Chya! Chya! Chya!

Na kutoka juu kabisa, ndani ya wingu lile, Kasuku akatangaza kwa kujiamini, "Ya mfuko haipeperushi vumbi."

Vumbi lilipotua, Bi Nguruwe alikuwa amesimama. Matope yake mazuri yameshikana na udongo, macho mekundu. Hakutukana wala hakupaza sauti. Alisema, "Nimeona ghala." Akageuka, na dada zake wakageuka, na mashangazi wakageuka, na posa ikarudi mtoni.

Ngiri akaanguka magotini. Akawa anasukuma lile vumbi kwa pua, huku na huku, akitafuta japo punje moja. Ndipo kutoka nyuma ya shimo lake akatokea Sange, ameshika kijiti chenye vijani vitatu vilivyofungwa pamoja. Ukitazama kwa nia njema, lilikuwa fagio.

"Wewe," akasema Ngiri. "Wewe umeniibia."

"Nimekuibia nini, jirani? Nimekufagilia ghala. Nilibisha hodi, ila uso wako ulikuwa upande mwingine."

"Mtama wangu uko wapi?"

"Mtama gani? Ni takataka tu zile." Sange akaligeukia kundi la wanyama waliojaa vumbi. "Na kilichofagiwa ni cha nani?"

"Cha mfagiaji!" kijiji chote kikaitika, na Babu Kobe akaitika peke yake baadaye, maana alichelewa.

Sheria Ngiri aliijua kuliko wote, alikuwa ameisema kila mlango. Akarudi kutafuta punje, na mpaka leo, ukimwona ngiri anakula, utamkuta amepiga magoti. Watu wa mbugani watakwambia ni kwa sababu shingo yake ni fupi. Waambie waje kwangu.

Wanyama wakamshangilia Sange, wakamwimbia, wakamwita mama wa kijiji. Kisha wakamtazama kwa namna nyingine.

"Sasa, mama wa kijiji," akasema Bi Kanga, "karanga zangu?"

Sange akawagawia. Kila mmoja akapata chake, au karibu na chake. Babu Kobe alizitazama kunde zake kwa muda mrefu.

"Mjukuu wangu, zilikuwa nyingi kuliko hizi."

"Njia ilikuwa ndefu, babu. Nyingine zimeangukia kwenye nyufa huko kwangu, na nyufa unazijua tena."

"Basi nije nikufagilie."

"Karibu hata leo," akasema Sange. "Njoo na fagio lako la chelewa."

Babu Kobe alikwenda, akafagia sakafu nzima kwa uangalifu, akaambulia majani makavu. Ile mashine hakuweza kuiazima, kwa sababu ilipotea siku ile ile ya vumbi, na kidomo chake chembamba watoto wa Sange walikuwa wanakichezea tarumbeta. Kiangazi kikaja, kikaua majani, kikakausha kisima. Chini ya mchongoma hakikuchukua mtu. Ilipofika mvua, watoto wa Sange walikuwa wamenenepa hadi walipita mlangoni kwa ubavu, na wote walipenda sana kunde.

Mnaniuliza funzo. Mmekaa muda wote huu mnasubiri funzo, utadhani mmenilipa. Haya, shikeni. Funzo ni kwamba mkinunua mashine ya kufyonza vumbi, nunueni ya mfuko. Ni safi, ni ya heshima, na haipeperushi vumbi. Amesema mtaalamu, na bado yupo dukani. Tena msiwe na choyo kama Ngiri, muwe waaminifu na wakarimu kama Sange, aliyerudisha kila alichoona ni cha kurudisha. Na jirani akibisha hodi na fagio, mfungulieni mlango mpana, maana ninyi hamna mnachoficha.

Hadithi yangu nimeifagia mpaka mlangoni. Aliyepata punje na aondoke nayo. Takataka ni za nani?

"Za mfagiaji!"

Mmesema wenyewe. Basi inueni miguu, nipeni lile fagio, na hizo karanga mlizodondosha hapa chini mkinisikiliza asiziguse mtu.